Changanya kwenye bakuli, si kwenye tuta: kisa cha saladi ya zambarau iliyoota kijani

Tuta lilikuwa na urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 80, yaani mita mraba 2.4. Lilimwagiwa gramu 15 za mbegu za mchanganyiko wa mboga za saladi za Asia: mizuna ya zambarau, haradali aina za 'Red Giant' na 'Ruby Streaks', tatsoi, na pakchoi nyekundu 'Red Choi'. Mwenye bustani akaongezea nusu kijiko cha chai cha mbegu za mchicha mwekundu. Matarajio yake yalikuwa zulia la zambarau, damu ya mzee na kijani kilichokolea, la kukata kwa mkasi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Siku ya 35 tuta lilikuwa kijani tupu. Majani yalikuwa na matundu kama chekeche, pakchoi na mizuna zilikuwa zimeinua maua ya manjano, na kipande cha haradali kikitafunwa kilipanda puani hadi machozi yakatoka. Hukumu ya mwenye bustani ilikuwa moja: ameuziwa mbegu feki.

Mbegu zilikuwa sahihi. Ushahidi ulikuwa palepale kwenye tuta, na tutaufikia. Makosa yalikuwa manne, kila moja na sababu yake, lakini yote yalishikamana na uamuzi wa siku ya kwanza wa kuotesha mimea sita yenye tabia tofauti kana kwamba ni mmea mmoja.

Mambo yalivyokwenda

Mbegu zilisiwa wakati siku zinarefuka, mwanga ukiwa umekaribia saa 15 kwa siku. Mchana joto lilikuwa nyuzi 24 hadi 29, usiku nyuzi 17 hadi 19. Wiki mbili kabla, tuta hilohilo lilikuwa limetoka kuvunwa figili. Kabla ya kusia liliwekwa ndoo moja ya lita 20 ya samadi ya kuku ambayo haikuwa imeoza sawasawa, kiasi cha kilo 10, ikachanganywa na udongo wa juu. Mbegu zikatawanywa kwa mkono na kufukiwa kwa reki.

Siku ya 4 haradali na mizuna zilikuwa zimechomoza. Tatsoi na pakchoi zikafuata siku ya 5, mchicha siku ya 7 hadi 9, ukiwa tayari chini ya wenzake. Siku ya 6 viraka viwili vya miche viliinama na kulala, shingo zimesinyaa usawa wa udongo: kinyausi, ugonjwa unaoozesha shingo za miche. Siku ya 7 yakaonekana matundu ya kwanza kwenye majani-mbegu, yaani yale majani mawili ya kwanza ya mche. Siku ya 9 tuta likafunikwa kwa neti ya wadudu. Siku ya 12, kwa kuwa miche iliyotobolewa ilionekana dhaifu, likamwagiwa viganja viwili vya urea vilivyoyeyushwa kwenye maji, takriban gramu 100.

Siku ya 21 majani yalikuwa yamefika sentimita 15 hadi 18, mapana, laini, ya kijani. Huo ndio ulikuwa wakati wa kukata. Mwenye bustani aliahirisha akingoja rangi ije kwanza. Alingoja wiki mbili.

Mimea ya pembeni ndiyo iliyosema kweli

Neti ilipoondolewa siku ya 35, ukingo wa tuta unaopigwa na jua la mchana kutwa ulikuwa na mstari mwembamba wa mimea isiyofanana na mingine. Ile 'Red Giant' ya pembeni ilikuwa na damu ya mzee upande wa juu wa jani. Kwa ile 'Ruby Streaks', vikonyo na mishipa vilikuwa zambarau. Sentimita 20 tu ndani ya tuta, mimea ya aina zilezile ilikuwa kijani hadi kwenye shina.

Mbegu feki haziwezi kujipanga pembeni mwa tuta. Kilichokuwa tofauti kati ya ukingo na katikati ni mwanga.

Rangi ya zambarau kwenye mboga za jamii ya kabichi, kama mizuna, haradali, tatsoi na pakchoi, hutokana na kundi la rangi liitwalo anthosiani. Jani haliitengenezi kwa wingi kila wakati. Huitengeneza likipigwa na mwanga mkali, hasa pamoja na mionzi ya urujuanimno, wakati sukari imejaa kwenye jani na ukuaji umepunguzwa kasi na ubaridi wa usiku. Likiwekwa kivulini, kwenye joto, na kulishwa naitrojeni nyingi, linaacha kazi hiyo na kujenga kijani. Ndiyo maana 'Red Giant' iliyolimwa msimu wa baridi kwenye jua la wazi na ile iliyolimwa nyuma ya kioo cha dirisha zinaweza kuonekana kama aina mbili tofauti: kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo.

Sasa tuhesabu miche. Gramu moja ya mbegu za jamii hii ina mbegu takriban 400. Gramu 15 ni mbegu 6,000, na zikigawanywa kwa mita mraba 2.4 ni 2,500 kwa kila mita mraba. Hapo hatujahesabu mchicha, ambao mbegu zake ni ndogo sana, gramu moja ikiwa na zaidi ya 1,000. Kwa majani machanga ya kukata, kiasi kinachotosha ni mbegu 1,000 kwa mita mraba: mistari ya umbali wa sentimita 10, na mbegu moja kila sentimita moja ndani ya mstari. Hiyo ni gramu 2.5 kwa mita mraba, au gramu 6 kwa tuta lote. Zilimwagwa mara mbili na nusu ya hizo, na wingi huo pia ndio uliokaribisha kinyausi, kwa sababu hewa haikupita kati ya miche na udongo wa juu haukukauka.

Hata idadi ingekuwa sahihi, mchanganyiko wenyewe ulikuwa na ugomvi ndani yake. Mizuna na haradali hukua kwa kasi na kusimama. Tatsoi hukua kama shada bapa lililolala chini, majani yake ya mviringo yakijipanga kama vijiko. Ukiziweka pamoja, kufikia wiki ya tatu tatsoi iko kwenye kiza. Kwenye tuta hili tatsoi nyingi zilizopatikana zilikuwa na vikonyo virefu vyeupe vilivyojinyoosha kutafuta jua, kitu ambacho tatsoi iliyo na nafasi haifanyi. Pakiti za mchanganyiko zina kazi nzuri pale mtu anapokata kila kitu kikiwa na sentimita 8 na kumaliza. Kwa anayetaka mimea ifike wiki ya tano, ni fujo iliyofungwa vizuri.

Mchicha una wekundu wa aina nyingine

Jambo lililomchanganya zaidi mwenye bustani ni kwamba miche michache ya mchicha iliyonusurika ilikuwa myekundu. Kama mwanga ulikuwa mdogo na joto lilikuwa kubwa, mbona mchicha haukugeuka?

Jibu ni kwamba wekundu wa mchicha si anthosiani. Ni betalaini, rangi ileile ya kiazisukari chekundu cha kuliwa, iitwayo pia bitiruti. Makundi haya mawili ya rangi hayakai pamoja kwenye mmea mmoja: mmea wenye betalaini hautengenezi anthosiani. Mchicha ni mmea wa joto. Hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30, mahali ambapo mizuna inahema, na wekundu wake hauhitaji usiku wa baridi. Mwanga bado unausaidia kukolea, lakini hautegemei mambo yaleyale.

Kwa mpanda bustani hii ina maana kubwa kuliko kemia yake. Anayetaka rangi msimu wa joto asilazimishe mboga za jamii ya kabichi. Achukue mchicha wa Asia, Amaranthus tricolor, wenye majani yenye doa jekundu katikati au mekundu yote, au nderema yenye shina jekundu, ambayo nayo ni ya kundi la betalaini na hupanda kwenye fito bila shida. Msimu wa baridi ndio zamu ya mizuna, haradali, tatsoi nyekundu na pakchoi ya zambarau. Kuziweka zote kwenye tuta moja siku moja ni kuhakikisha nusu yake iko nje ya msimu, hata uchague msimu gani.

Kuna zambarau nyingine ambayo si ya kufurahia. Mboga ambayo kwa asili ni ya kijani, kama komatsuna ya kawaida (mboga nyingine ya Asia ya jamii ya kabichi), ikianza kuwa na zambarau iliyofifia upande wa chini wa majani na ikadumaa, mara nyingi udongo ni baridi mno au mizizi haipati fosforasi. Kwenye tuta hili hapakuwa na dalili hiyo. Shida ilikuwa shibe.

Hesabu ya naitrojeni

Mboga za kukata zikiwa changa zinahitaji takriban gramu 5 hadi 10 za naitrojeni kwa mita mraba kwa zao moja. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo gramu 100 ni gramu 46 za naitrojeni, sawa na gramu 19 kwa kila mita mraba ya tuta hili. Urea peke yake ilikuwa mara mbili ya hitaji.

Chini yake kulikuwa na samadi ya kuku. Tukiikadiria kwa uchache, kwamba ilikuwa na asilimia 1.5 tu ya naitrojeni, kilo 10 zina gramu 150, au gramu 62 kwa mita mraba. Theluthi moja tu ikipatikana kwa mimea ndani ya wiki chache za mwanzo, ni gramu 20 nyingine. Jumla inakaribia gramu 40. Majani yaliyolishwa hivyo huwa makubwa, laini, yenye maji mengi na kijani kizito. Vidukari huyapenda. Hayakai kwenye friji. Na kwa kuwa katikati ya tuta mwanga ulikuwa haba, sehemu ya naitrojeni hubaki kwenye jani kama naitreti badala ya kugeuzwa kuwa protini.

Ile dalili iliyofanya urea imwagwe, yaani udhaifu wa siku ya 12, haikuwa njaa. Majani-mbegu yalikuwa yameliwa. Mche wenye majani mawili yaliyotobolewa hauna jiko la kupikia chakula, na kuuongezea mbolea hakuurudishii jiko.

Neti iliyofungia adui ndani

Matundu yalikuwa madogo, ya milimita 1 hadi 3, mengi, yametapakaa jani zima bila kufuata ukingo. Kiwavi hula kuanzia pembeni au huacha dirisha la ngozi nyembamba na kinyesi cheusi. Konokono huacha utelezi na matundu makubwa yasiyo na mpangilio. Matundu ya namna hii, kana kwamba jani limepigwa risasi za marisau, ni ya mbawakavu wadogo wa jenasi ya Phyllotreta: weusi au weusi wenye mistari ya njano, urefu wa milimita 2 hadi 3, na ukipitisha mkono juu ya mimea huruka kama viroboto. Watu wengi hawawaoni kabisa kwa sababu wanaruka kabla jicho halijafika. Kipimo rahisi ni kupaka grisi au mafuta mazito kwenye ubao mweupe wa sentimita 30, kuupitisha juu ya mimea mchana wa jua huku ukitikisa majani kwa kijiti, kisha kuhesabu walionasa.

Neti ilikuwa nzuri, yenye matundu ya milimita 0.8. Kilichokosewa ni siku na mahali. Mbawakavu hawa hutaga kwenye udongo karibu na mizizi ya mimea ya jamii ya kabichi, na figili ni ya jamii hiyo. Funza wao hula mizizi, hujigeuza ndani ya udongo, kisha hutoka wakiwa wakubwa. Mzunguko mzima huchukua takriban wiki sita hadi saba. Tuta lililovunwa figili wiki mbili kabla lilikuwa na kizazi kizima chini kikisubiri. Neti iliwekwa siku ya 9, wakati wa kwanza wameshatoka na wengine wanaendelea kutoka. Wakajikuta kwenye chumba chenye joto, bila upepo, bila buibui wala mdudu mwingine wa kuwala, na chakula wanachokipenda kuliko vyote. Mboga za majani laini za Brassica rapa, kama mizuna, tatsoi na pakchoi, na haradali huliwa kabla ya kabichi na sukuma wiki zenye nta.

Kwa hiyo neti hufanya kazi kwa masharti mawili. Iwekwe siku ileile ya kusia, kabla mche wa kwanza haujachomoza, na iwe juu ya udongo ambao haujalimwa chochote cha jamii ya kabichi kwa msimu huo na, ikiwezekana, kwa miaka mitatu. Kingo zake zifukiwe sentimita 10 au zilaliwe na mbao. Mawe yaliyowekwa kila mita huacha mapengo. Iinuliwe kwa fito za pinde zenye kimo cha sentimita 40 hadi 50 ili isiguse majani, kwa sababu nondo wa kabichi hutaga kupitia neti inayogusa jani. Neti yenyewe hupunguza mwanga kiasi, lakini hasara hiyo ni ndogo ukilinganisha na kivuli cha miche 2,500 kwa mita mraba.

Bila neti, kinachosaidia ni kuharakisha miche ipite hatua ya majani-mbegu: mbegu zisiwe za zamani, udongo usikauke, na tatsoi na pakchoi zianzishwe kwenye trei na kuhamishwa zikiwa na majani manne halisi. Jivu la kuni hufukuza kwa muda hadi mvua au maji ya kumwagilia yalioshe. Kunyunyiza dawa kwenye mboga itakayokatwa baada ya siku kumi na kuliwa mbichi hatushauri.

Maua na ukali

Pakchoi ilikuwa ya kwanza kuinua shina la maua, siku ya 29, ikifuatiwa na mizuna siku ya 31. Haradali zilichelewa. Mpangilio huo si wa ajabu: pakchoi ni mmea unaosoma urefu wa mchana, na mwanga wa saa 14 na kuendelea huuambia uanze kuzaa. Miche ikiwa imewahi kupigwa na baridi kwa wiki moja au mbili kabla ya hapo, ujumbe huo huwa mkali zaidi. Karibu na ikweta mchana hauzidi sana saa 12, hivyo huko lawama huangukia joto, ukavu na msongamano. Kwenye kisa hiki mchana mrefu, joto na msongamano vilikuwepo pamoja, na hakuna sababu ya kuvigombanisha.

Ukali wa haradali una chanzo chake. Majani ya jamii hii huhifadhi glukosinolati, kemikali ambayo ndiyo malighafi ya ukali huo, kwenye sehemu moja ya seli na kimeng'enya kwenye sehemu nyingine. Jino au kisu kikivunja kuta, vinakutana na kuzalisha mafuta yanayowasha pua. Joto, ukavu na umri huongeza akiba hiyo. Jani la 'Red Giant' la sentimita 8 lina muwasho wa kupendeza; likifika sentimita 25 kwenye joto la nyuzi 29 ni la kupikwa. Kungojea rangi kwa wiki mbili kulibadilisha saladi kuwa mboga ya sufuria.

Maji nayo yalichangia. Tuta lilimwagiliwa lita 20 kila baada ya siku tatu, yaani karibu lita 19 kwa mita mraba kwa wiki. Kwa hali ya hewa tulivu kiasi hicho kinakaribia kutosha. Kwa nyuzi 29 na msongamano ule, mizizi iliyokaa sentimita 10 za juu ilikauka kabla ya zamu iliyofuata. Lita 4 kwa mita mraba kila siku asubuhi zingekuwa na faida kuliko mafuriko ya kila siku ya tatu.

Kilichookolewa

Tuta halikung'olewa lote. Vikonyo vya maua vya pakchoi na mizuna vilikatwa vikiwa bado na vitumba vilivyofumba, urefu wa sentimita 12, na kukaangwa kwa dakika mbili; ni vitamu na vina utamu ambao majani yenyewe yalikuwa yameshaupoteza. Haradali zilichemshwa, jambo linaloua kimeng'enya na kuondoa sehemu kubwa ya muwasho. Tatsoi za katikati hazikuwa na la kuokoa.

Ili kumaliza ubishi wa mbegu, miche mitatu ya 'Red Giant' ya katikati ilipunguzwa majani, ikahamishiwa kwenye vyungu vya lita 3 vyenye udongo usio na samadi, ikawekwa juani. Majani ya zamani yalibaki kijani. Majani mapya yaliyofunguka baada ya siku tisa yalikuwa na damu ya mzee kwenye mishipa na ukingo. Haikuwa rangi ya kwenye pakiti, kwa sababu usiku bado ulikuwa wa nyuzi 18, lakini ilitosha kuonyesha kwamba mbegu zilikuwa halali.

Tuta la zamani likaachiwa nderema na mchicha mwekundu. Mimea hii haimtunzi mbawakavu wa kabichi na inafurahia naitrojeni iliyozidi. Halikuongezwa mbolea yoyote.

Kusia kwa mara ya pili

Usiaji wa pili ulifanyika kwenye tuta jingine la ukubwa uleule, wakati siku zimeanza kufupika na joto limeshuka hadi nyuzi 18 hadi 22 mchana na 10 hadi 13 usiku. Udongo ulikuwa na pH kati ya 6 na 7. Uliwekwa mboji iliyoiva, ndoo moja ya lita 10 kwa kila mita mraba, basi. Neti ilifungwa jioni ileile ya kusia.

Urefu wa mita 3 uligawanywa vipande vitatu vya mita moja.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha kukata. Mifereji kumi ya kukatisha tuta, umbali wa sentimita 10, kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja. Kila mfereji una urefu wa sentimita 80, hivyo jumla ni mita 8 za mstari na mbegu 800, sawa na gramu 2. Mistari mitano ilikuwa ya 'Ruby Streaks', mitano ya mizuna ya zambarau, kila aina upande wake. Hapa inafaa kutaja kwamba baadhi ya mbegu zinazouzwa kama mizuna nyekundu kwa kweli ni haradali yenye jani lililochanika, Brassica juncea, na 'Ruby Streaks' ni mojawapo. Tofauti utaionja: mizuna halisi ni pole, haradali ina pilipili yake. Si kasoro, ila mtu ajue anachomwekea mtoto kwenye sahani.

Kipande cha pili kilikuwa cha tatsoi. Miche iliyooteshwa kwenye trei ilihamishwa ikiwa na siku 20, nafasi ya sentimita 15 kila upande: mitano kwa upana, sita kwa urefu, jumla 30. Cha tatu kilikuwa cha pakchoi ya zambarau kwa nafasi ya sentimita 20, miche 20. Mche ulipandwa usawa uleule uliokuwa nao kwenye trei. Tatsoi ikizikwa hadi kitovu, pale katikati majani mapya yanapotokea, huoza. 'Red Giant' ilipata mstari wake pembeni kabisa, upande ambao majani yake mapana hayawezi kumtia mwenzake kivuli.

Umwagiliaji ulikuwa lita 20 hadi 25 kwa mita mraba kwa wiki, zikigawanywa mara tatu au nne, asubuhi. Siku ya 10 mistari ya kukata ilipunguziwa miche pale tu ilipobanana. Mbolea haikuongezwa.

Kipande cha kwanza kilikatwa siku ya 26 kikiwa na kimo cha sentimita 10. Mkasi ulipita sentimita 3 juu ya udongo, ili kitovu cha mmea kibaki; ukikata chini ya hapo, mmea hauchipui tena. Yalipatikana majani kama gramu 600. Mkato wa pili ulikuja siku 15 baadaye, wa tatu ulikuwa na majani magumu kidogo, na baada ya huo mistari iling'olewa. Rangi ilikuwa imekolea kwenye vikonyo na nusu ya juu ya jani. Tatsoi zilianza kuchumwa siku ya 45 tangu kusiwa, majani ya nje kwanza, matatu au manne kwa kila shina, zikaendelea kutoa kwa wiki sita. Pakchoi zilikatwa zima zima kabla hazijafika sentimita 20.

Matundu yalikuwepo machache, kwenye kona moja ambako neti ilipeperushwa na upepo usiku mmoja.

Kila aina ilivunwa peke yake asubuhi kabla ya jua kali, ikatumbukizwa kwenye maji baridi kwa dakika tano, ikakaushwa vizuri kwa kitambaa, ikachanganywa wakati wa kuandaa tu. Kiasi kilichopendeza ni sehemu tatu za mizuna, mbili za tatsoi, moja ya haradali. Haradali ikizidi hapo inafunika ladha zote. Majani yaliyokauka vizuri hukaa siku tano hadi saba kwenye friji yakiwa kwenye chombo chenye kitambaa chini, yakiwa na maji huteleza siku ya pili. Siki au ndimu viwekwe mwishoni kabisa, mezani: tindikali huichangamsha anthosiani ikawa nyekundu zaidi, lakini hulegeza jani ndani ya robo saa. Wala asiwepo wa kushangaa akizitia kwenye sufuria na zambarau ikapotea. Anthosiani huyeyuka kwenye maji na kufifia kwa moto, ikabaki mboga ya kijani na mchuzi wenye rangi ya ajabu.